Kiangazi cha Kichina: ujinyooshe alfajiri, ucheze jioni, au uingie majini?

Julai yangu ya kwanza Wuhan nilikimbia saa kumi jioni, kwa sababu ndiyo saa niliyozoea kukimbia Dar. Nikazunguka uwanja wa chuo mara sita, nikarudi bwenini fulana imenigandia mgongoni, nikagugumia chupa nzima ya maji ya barafu, kisha nikajitupa chali chini ya kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 18. Usiku kichwa kikawa kizito, tumbo likavurugika, na kufika alfajiri nilikuwa natetemeka kwa baridi katika jiji ambalo Wachina wenyewe huliita tanuri. Mama wa duka la dawa hakuniuliza nimekula nini. Aliniuliza: "Jasho lilipokutoka, ulikaa wapi?"

Akanipa vichupa vya dawa ya rangi ya kahawia, Huoxiang Zhengqi Shui, dawa ya kale ya maradhi ya kiangazi. Nilipofungua kimoja, pua ilinijulisha kabla ya kusoma kikaratasi: pombe. Aina hiyo ya "shui" ina pombe kweli. Ipo nyingine, "koufuye", isiyo na pombe, na Mwislamu, dereva au mtu aliye kwenye dozi ya antibayotiki za jamii ya sefalosporini aombe hiyo ya pili.

Swali la mama yule ndilo limenifanya niandike ulinganisho huu. Sisi wageni tukifika China tunauliza zoezi gani ni zuri wakati wa joto. Wenyeji wanauliza pumziko gani linafuata. Kwao kila zoezi lina pumziko lake, kama wali na mchuzi, na wengi wetu huiga zoezi tukaacha pumziko. Basi ukiwa umekwama kati ya mazoezi ya alfajiri, matembezi na dansi za jioni, au kuogelea, usianze kwa kuuliza lipi unalipenda. Anza na pumziko gani unaweza kulilinda.

Vigezo nilivyotumia

Katika tiba ya Kichina kiangazi ni majira ya moto, na kiungo chake ni moyo. Jasho huitwa maji ya moyo: likitoka kidogo mwili hupumua, likitoka kupita kiasi hutoka pamoja na qi (tamka chi), yaani nguvu ya uhai. Daktari wa hospitali atakwambia jambo linalokaribiana na hilo kwa lugha nyingine: jasho likizidi, maji ya damu hupungua na moyo hulazimika kupiga haraka zaidi.

Huangdi Neijing, kitabu cha tiba cha miaka kama 2,000 iliyopita, kinashauri kwamba miezi mitatu ya kiangazi mtu achelewe kidogo kulala, aamke mapema, asilichukie jua, asifuge hasira, na aiache qi yake itoke nje. Kwa hiyo kujifungia ndani mchana kutwa si ushauri wa Kichina. Kitabu hichohicho kinataja machovu matano: kutazama mno huumiza damu, kulala mno huumiza qi, kukaa mno huumiza nyama, kusimama mno mifupa, kutembea mno kano. Tazama jinsi kulala kulivyowekwa kwenye orodha moja na kutembea. Mtu anayeshinda kitandani chini ya kiyoyozi na simu mkononi anajichosha kwa njia mbili, ingawa yeye anadhani amepumzika. Karne nyingi baadaye Sun Simiao, tabibu wa enzi ya Tang, alishauri kazi ndogo ya mara kwa mara, bila kufika kwenye uchovu mkubwa.

Kutokana na hayo nimepima kila njia kwa mambo manne: jasho linatoka kiasi gani na linakaukia wapi, moyo unafanywaje, kwa maana ya mapigo na kwa maana ya furaha na hasira, usingizi unaathirikaje, na mfuko na mahali. Kisha nimesema inamfaa nani.

Kwanza, tukubaliane kuhusu saa

Wachina wa kale waligawa siku katika vipindi 12 vya saa mbili mbili. Viwili kati yake ndivyo vya kulala: zi na wu. Kwa saa za kizungu ni 23 hadi 1 usiku na 11 hadi 13 mchana, tarakimu zinazosumbua kukariri. Kwa saa zetu vyote viwili ni saa tano hadi saa saba, kimoja usiku kingine mchana. Katika saa ya zi, yin, yaani upande wa baridi na utulivu, iko kileleni. Katika saa ya wu, yang, yaani upande wa joto na mwendo, iko kileleni, na ndiyo saa ya moyo. Usingizi wa usiku uwe umekushika ndani ya tano hadi saba. Wa mchana uwe mfupi, dakika 20 au 30 zinatosha. Zikizidi, utaamka umelewa usingizi.

Njia ya kwanza: Baduanjin alfajiri

Wengi wanaijua tai chi, lakini kwa mtu anayeanza napendekeza atazame Baduanjin, maana yake vipande vinane vya hariri. Ni miondoko minane tu, ukiifanya yote inachukua kama dakika 12, na toleo linalofundishwa sana leo lilitolewa na mamlaka ya michezo ya China mwaka 2003. Tai chi fupi ya miondoko 24, iliyopangwa mwaka 1956, ni nzuri pia, ila kuikariri kunahitaji wiki kadhaa na mwalimu mvumilivu.

Mwondoko wa tano ndio wa kiangazi hasa. Jina lake ni kutikisa kichwa na kupunga mkia ili kuondoa moto wa moyo. Unapanua miguu, unashuka kama uliyepanda farasi, viganja juu ya mapaja. Kiwiliwili kinalala upande mmoja, kichwa kinapita chini kikizunguka taratibu, huku nyonga ikisukumwa upande wa pili. Mara ya kwanza nilijiona kama mbuzi anayefukuza nzi. Wazee waliokuwa pembeni yangu, chini ya miti ya bustani, waliufanya kama wanamimina maji.

Jasho hapa ni unyevunyevu wa paji la uso na mgongo, basi. Linakaukia nje, kwenye hewa ambayo bado haijachemka, na hicho ndicho kiasi ambacho waganga wa Kichina wanakisifu. Mapigo hayapandi sana. Akili inatulia kwa sababu unahesabu pumzi. Kwa mfuko ni bure, na mahali pa kutandika mkeka wa kuswalia panatosha.

Tatizo lake ni usingizi. Wuhan katikati ya kiangazi jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, na anayetaka ubaridi lazima awe ameamka. Ukilala saa saba usiku kisha ukaamka saa kumi na moja, umekopa, na deni hilo hulipwa mchana. Wazee wale walikuwa wanalipa: saa saba wamekwisha kula, wamelala. Mimi nilikuwa naingia darasani. Baada ya wiki mbili za kujisifu kwamba naamka nao, nilikuwa nasinzia maabara.

Inamfaa mzee, mwenye mawazo mengi, anayepona ugonjwa, na yeyote aliye na mchana unaoruhusu kujilaza. Haitamridhisha kijana anayetaka kujenga pumzi. Mwenye shinikizo la damu au kizunguzungu asiinamishe kichwa chini sana kwenye ule mwondoko wa tano. Aufanye nusu au auruke.

Njia ya pili: matembezi na dansi ya uwanjani jioni

Jua likizama, kama saa moja na nusu hivi, spika zenye magurudumu hukokotwa hadi uwanjani, kina mama hujipanga mistari, na muziki huanza. Pembeni wanapita watembeaji, feni za mkononi zikipepea, watoto wamepakwa dawa ya mbu. Wachina wana msemo kwamba ukitembea hatua mia baada ya kula utafika miaka 99. Msemo huo unazungumzia hatua mia, si kukimbia na chakula tumboni, kwa hiyo anayetaka kucheza asubiri kidogo baada ya chakula.

Jasho la jioni ni jingi kuliko la alfajiri, na wengi hawalitarajii. Lami na kuta zimeshiba joto la mchana kutwa na sasa zinalirudisha, hewa imesimama, unyevu uko juu. Utalowa. Hatari iko pale unapoingia nyumbani: mlango unafunguliwa, kiyoyozi kinakupiga kifuani. Kwa Wachina, jasho likikutana na upepo wa baridi wakati vinyweleo viko wazi, baridi huingia ndani na kufungiwa humo. Uite vyovyote, dawa yake ni rahisi: beba taulo, jifute, vaa fulana kavu, kaa barazani dakika kumi. Maji ya kuoga yawe ya uvuguvugu.

Kwenye moyo ndipo njia hii inapozishinda nyingine kwa maoni yangu. Furaha ndiyo hisia ya moyo katika tiba hii, na sijaona mahali pa kiangazi penye vicheko kama mstari wa nyuma wa dansi, pale wasiojua hatua wanapogongana. Upande wa pili ni ugomvi na majirani kuhusu kelele za spika, na hasira ndiyo kitu kilekile kilichokatazwa. Chagua kikundi kilicho mbali na madirisha ya watu.

Kwa usingizi, malizeni kufikia saa mbili na nusu usiku. Mwili uliochemka hauteremki kitandani mara moja. Unahitaji saa moja au mbili kupoa ili saa tano ikukute umetulia. Ukicheza hadi saa nne, usingizi utakukimbia. Gharama ni kama hakuna, ingawa vikundi vingine huchangishana kwa ajili ya spika.

Inamfaa aliyeshinda kwenye kiti cha ofisi, na mpweke. Mwenye usingizi wa shida aikwepe, au atembee tu kimyakimya na kurudi mapema.

Njia ya tatu: kuogelea

Wuhan ni jiji la maji. Mao Zedong aliogelea Mto Yangtze hapo tarehe 16 Julai 1966, na mpaka leo kuna wazee wanaojitosa mtoni kana kwamba ni haki yao ya kuzaliwa. Wewe usiwaige: mkondo wa Yangtze unambeba hata hodari. Ziwa Donghu au bwawa lenye mlinzi ni afadhali.

Majini huoni jasho, ndiyo maana watu husahau kunywa maji. Mwili unapozwa moja kwa moja, magoti yanapumzishwa, misuli yote inafanya kazi. Kwa mwenye uzito mkubwa au magoti mabovu sijui zoezi jingine la kiangazi linalokaribia hili. Hapa lakini ndipo waganga wa Kichina wanapokunja uso. Maji kwao ni baridi na unyevu, na wengu, ambao kwao ndio unaoendesha usagaji wa chakula, hauupendi unyevu, hasa mwisho wa kiangazi hewa yenyewe inapokuwa mbichi. Hawakatazi kuogelea, wanakataza kuingia ukiwa unachuruzika jasho na kutoka ukakaa na nguo mbichi. Subiri jasho likauke, lowesha miguu na kifua kwanza, usikae hadi midomo ibadilike rangi, na ukitoka jifute hadi kichwani. Wenzangu walikuwa wanabeba chupa ya chai ya tangawizi ya moto, nami nikawacheka mpaka nilipoijaribu.

Usingizi wa baada ya kuogelea ni mzito, kwa hiyo kuogelea asubuhi kunapatana vizuri na kujilaza mchana. Mfukoni ndiyo njia ghali kuliko zote: tiketi, nauli, kofia ya kuogelea ambayo mabwawa mengi yanaidai. Tiba ya Kichina humshauri mwanamke aliye kwenye hedhi, mwenye kuhara, na mwenye mafua ya mara kwa mara asubiri.

Pumziko la mchana

Ofisi nyingi za China zina watu wanaokunjua vitanda vidogo saa ya chakula, taa zikazimwa, na hakuna anayemshangaa mwenzake. Waislamu wa pwani yetu wanalijua jambo hili kwa jina la kailula, tumeliacha tu kwa aibu ya kuonekana wavivu. Sharti moja la Wachina lilinichekesha kisha likanifaa: joto liwe vipi, kitovu kifunikwe. Kanga moja nyepesi juu ya tumbo inatosha, na feni isikuelekee usoni.

Ukiamka, kunywa choroko. Ndiyo, hizihizi tunazopika za nazi. Wao huzichemsha kwenye maji mengi mpaka maganda yaanze kupasuka, wanakunywa maji yake yakiwa vuguvugu au ya kawaida. Wanaohara au wenye tumbo baridi wapunguze.

Siku za sanfu

Kuna siku 30 au 40, kutoka katikati ya Julai kuingia Agosti, zinazoitwa sanfu, kilele cha joto lenye unyevu. Njia yoyote uliyochagua, igawe nusu siku hizo. Hata sheria inalegeza kamba: tangu mwaka 2012 kanuni za China zinataka kazi za nje zisimame siku inayofika nyuzi 40, na kati ya 37 na 40 zisizidi saa sita kwa siku wala zisifanywe katika saa tatu za joto kali zaidi.

Kwa hali yako

Kama unafanya kazi ofisini chini ya kiyoyozi kuanzia asubuhi, mwili wako haujatoka jasho kabisa. Anza na jioni, mara tatu kwa wiki, ukimaliza mapema.

Kama unabeba mizigo Yiwu au Guangzhou, kazi yenyewe ni zoezi. Wewe unachokikosa ni pumziko: tafuta nusu saa ya kulala mchana, na jioni miondoko miwili mitatu ya Baduanjin ya kunyoosha mgongo. Usijiongezee mbio.

Kama unatumia dawa za moyo, za shinikizo la damu au za kupunguza maji mwilini, muulize daktari wako kabla ya chochote, kisha alfajiri ndiyo salama zaidi, ukitanguliza glasi ya maji. Magoti yakiuma, bwawa. Usingizi ukiwa ndio tatizo, alfajiri na kailula fupi kabla ya saa nane.

Kama uko Muscat, saa zimekwisha kupangwa. Kuanzia Juni hadi Agosti kazi za nje huko husimamishwa saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana. Aliyeamka kwa swala ya alfajiri anyooshe viungo palepale kabla jua halijachomoza, maana jioni ya huko nayo huwa bado inawaka.

Na kwa yeyote, popote: mwenzako akianza kuchanganyikiwa, ngozi ikawa ya moto kama sufuria, au akaanguka, hilo si suala la choroko wala vichupa. Mtoe juani, mmwagie maji, mpepee, na ita gari la wagonjwa.

Kama uko Dar, Tanga au Mombasa, usifuate kalenda ya Wachina. Julai kwetu ni kusi na shuka la pili kitandani. Joto letu ni la kaskazi, Desemba hadi Machi. Tena ule ushauri wa kuchelewa kulala uliandikwa kwa watu ambao mchana wao hurefuka hadi saa 14. Wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo usiukate usiku wako. Lala saa nne, tano ikukute usingizini. Mimi Februari huwa naingia baharini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji yakiwa yamejaa, natoka kabla ya saa moja na nusu, nakaa kwenye mchanga na kikombe cha tangawizi mpaka nywele zikauke, ndipo napanda daladala. Ya dirisha wazi, si ile yenye kiyoyozi.